Riziki Hupitia kwa Kaa

Mtu akikuuliza kitoweo kilichoko sahanini mwako kimetoka wapi, bila shaka utamjibu kuwa kimetoka baharini. Akiendelea kukuuliza bahari yenyewe imekipata wapi, hapo ndipo wengi wetu hunyamaza, au husema kuwa riziki ni ya Mwenyezi Mungu. Naam, riziki ni yake Mola. Lakini Mola ameiwekea riziki njia zake, na mwenye kuzijua njia hizo hatazikata kwa mkono wake mwenyewe.

Njia mojawapo, tena iliyo karibu nasi kabisa, huanzia kwenye jani la mkoko. Nayaandika haya kwa sababu ya maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi barazani, kuanzia Vanga hadi Lamu: kwamba mikoko ni ya wakataji na wajenzi, samaki ni wa wavuvi, na watu hawa hawana la kugombania. Maneno hayo yana ladha ya haki, lakini si ya kweli. Mwenye kukata mkoko hutia mkono katika lema la mwenzake, ijapokuwa hamwoni wala hakumkusudia mabaya.

TUNAUJUA MTI, HATULIJUI JANI

Sisi watu wa pwani hatukuanza leo kuijua mikoko. Tunaita kila mti kwa jina lake: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkandaa, muia, mkomafi, msikundazi na kikandaa. Tunazijua fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na tunajua kuwa korija moja ni miti ishirini. Vyumba vya nyumba zetu za mawe huko Lamu vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu dari ilishikwa na boriti, na boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa. Mtu akisema kuwa mkoko ndio uliompimia mwashi wa Kiswahili upana wa chumba, hajakosea.

Majahazi nayo yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, na yaliporudi na kusi yalijaa boriti za kujengea nyumba za Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ni haba. Biashara hiyo iliendelea vizazi na vizazi mpaka mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka mikoko nchi za nje.

Basi thamani ya gogo tunaijua, tumeihesabu kwa korija na kwa shilingi. Thamani ya jani hatujapata kuihesabu, kwa kuwa jani halina mnunuzi gatini. Mnunuzi wake yuko chini topeni, ana miguu kumi, na hutembea kiubavuubavu.

SOKO LILILOKO TOPENI

Kila kiumbe chenye uhai chahitaji nguvu, na nguvu hiyo karibu yote hutoka kwenye jua. Ila jua haliliwi. Mwenye uwezo wa kulipika hata likawa chakula ni mmea peke yake. Hata mmea nao si mpishi mwenye pupa: katika sehemu mia moja za mwangaza unaouangukia, kwa kawaida hugeuza chakula kama sehemu moja tu. Sehemu hiyo moja ndiyo inayotulisha sisi sote, mwenye mabawa na mwenye mapezi, tajiri na fukara.

Nilipokwenda Gazi, katika Kwale, nilifuatana na mzee mmoja mvuvi tukaingia mikokoni maji yakiwa yametoka. Aliniambia: "Kaa kitako, mwanangu, usitikisike, na wenyewe utawaona." Tukakaa kimya. Haukupita muda, tope lililoonekana kama halina kitu likaanza kutembea. Kaa mmoja mwekundu wa magando alitoka shimoni, akaliendea jani la manjano lililokuwa limeanguka, akalishika, akalikokota mpaka mlangoni mwake na kuzama nalo. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Kando yao, konokono weusi wenye maganda marefu ya msokoto walikuwa wamelizunguka jani jingine kama watu kwenye sinia ya pilau. Wataalamu waliowachunguza konokono hao papo hapo Gazi wamegundua kuwa hulifuata jani kwa harufu yake.

Huko Mida, karibu na Watamu, kuna kaa mdogo ambaye hana subira ya kungoja jani lianguke. Huyo huupanda mkoko kutoka mizizini mpaka juu penye majani mabichi, akala, akashuka, na safari hiyo huifanya mara mbili kwa siku. Na kule kwenye uwazi wa tope kuna yule kaa mdogo mwenye gando moja kubwa, ambaye hachukui jani. Yeye huchota tope kwa gando lake dogo, akalichuja uvumba wa kijani ulio juu yake, kisha akalitema kwa vidonge vidogo vidogo. Hivyo ndivyo vidonge ambavyo watoto huvikuta vimepangwa ufukweni wakadhani ni mchezo.

Jani la mkoko lenyewe ni chakula kigumu. Lina ule ukali uliofanya magamba ya miti hii yatumike kutengenezea ngozi. Kwa hiyo mabaki yaliyosazwa na kaa, pamoja na mavi yake, huingiliwa kwanza na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kuvu, ambavyo huyalainisha na kuyatia utamu na nguvu. Hapo ndipo kamba wadogo hujitokeza na kuyala. Hula, hutoa, vijidudu huota tena juu ya kile kilichotolewa, na kamba mwingine hukirudia. Chembe moja ya jani yaweza kupita matumboni mwa wengi kabla haijakwisha.

Kisha maji hujaa. Pamoja na maji huingia mkizi, mwatiko na samaki wachanga wa aina nyingi wanaotafuta chakula na pahali pa kujificha katikati ya mizizi, ambapo samaki mkubwa hawezi kuwafuata. Nyuma yao, kwenye mlango wa hori, wakubwa hungoja. Na nyuma ya hao wakubwa, ndani ya mtumbwi, yuko binadamu na nyavu zake.

Soko hilo lina wateja wa mbali pia. Mida hufika ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye chakula chake hasa ni kaa. Miezi ya joto inapowadia yeye huenda zake pwani na visiwa vya Uarabuni na Ghuba, akachimba shimo mchangani na kutaga humo. Kwa hiyo majahazi ya boriti yalipokoma, safari haikukoma. Jua lililoangukia tope la Mida hugeuka uvumba, uvumba hugeuka kaa, kaa hugeuka ndege, na ndege hulipeleka mpaka Ghuba bila ya nahodha.

HESABU YA MOJA KWA KUMI

Elimu ya viumbe kulana haikuanza jana, wala haikuanzia Ulaya. Katika karne ya 9, huko Basra, mji ambao majahazi yake tuliyazoea kwetu, mwanachuoni al-Jahiz aliandika Kitab al-Hayawan, na humo alieleza jinsi wanyama wanavyowindana, kila mmoja akiwa na wa kumla na wa kuliwa naye. Mwaka 1927 Mwingereza Charles Elton akaeleza minyororo ya vyakula na sababu ya walao kuwa wachache kuliko waliwao. Kisha akaja Mmarekani kijana, Raymond Lindeman, aliyelichunguza ziwa dogo huko Minnesota akataka kujua ni kiasi gani cha nguvu ya jua kinachovuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 26, na makala yake mashuhuri yakachapishwa mwaka huo huo, yeye mwenyewe akiwa hayuko duniani kuyasoma.

Waliomfuata walikadiria kuwa, kwa wastani, katika kila sehemu kumi za nguvu ni kama moja tu inayovuka kutoka kwa aliwaye hadi kwenye mwili wa mlaji. Hiyo ni hesabu ya kukadiria. Pengine huzidi, pengine hupungua. Lakini yatosha kutufungua macho.

Zile tisa huenda wapi? Huenda palepale zinapokwenda pesa za samaki. Samaki hutoka kwa mvuvi akaenda kwa tajiri, kwa tajiri akaenda kwa mchuuzi, kwa mchuuzi akaenda kwa mama karanga, na kila mkono hukata wake. Kaa naye hukata wake: hutembea, hupumua, huchimba, hupigana na jirani yake. Yote hayo ni gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa lile jani. Kinachobaki kikawa nyama ya kaa ni kidogo.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Umenunua changu wa kilo moja kwa wali wa nazi wa Ijumaa. Changu hula kaa, kamba na makome. Kwa hesabu yetu, ili aongeze kilo hiyo moja amekula kama kilo kumi za hao. Na hao, ili wapatikane kilo kumi, wamekula kama kilo mia za majani, uvumba na mabaki ya mimea. Kama badala ya changu umemnunua papa aliyewala akina changu, ongeza sifuri nyingine: kilo elfu moja. Ndiyo sababu papa hawezi kuwa wengi kama dagaa hata bahari ikiachwa miaka mia bila ya kuvuliwa. Chakula cha kuwatosha hakipo.

Sasa igeuze hesabu hiyo, kwani hapa ndipo penye uchungu. Mwenye kuondoa kilo mia za majani ameondoa kilo moja ya changu. Haonekani akiiba. Hakuna samaki aliyekufa mbele yake, wala mvuvi aliyepiga kelele. Kilo hiyo haikuzaliwa tu, basi. Na asiyezaliwa halii.

MWENDA TEZI NA OMO

Wahenga wetu walisema kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa upande mmoja methali hii yafaa kabisa mikokoni. Mbolea iliyomo ndani ya jani, hata likiliwa na kaa, na kaa akaliwa na samaki, na samaki akafa, mwisho wake hurudi topeni, na mzizi ukainywa tena. Vitu hivyo ni vilevile, huzunguka tu.

Lakini nguvu ya jua haina ngamani ya kurejea. Ni kama nauli: ukishailipa imekwenda. Joto lililotoka mwilini mwa kaa haliwezi kurudi likawa jani. Kwa hivyo mlango mmoja tu ndio unaoingiza nguvu mpya kila siku, nao ni jani la kijani juu ya mti ulio hai. Ukiufunga mlango huo, wakaao ndani wataishi kwa akiba, na akiba ina mwisho.

KAA NAYE HULIPA KODI

Mtu asidhani kuwa kaa ni mlaji tu, asiye na shukrani. Tope la mikokoni halina hewa, na ndiyo sababu mchu na mlilana huchomoza mizizi yao juu kama vidole ili ipumue. Mashimo ya kaa huingiza hewa na maji ndani ya tope na kuondoa ule uchafu unaonuka kama yai viza. Huko Queensland, Australia, wataalamu waliwaondoa kaa katika sehemu za msitu wa mikoko, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1991 walionyesha kuwa uchafu huo uliongezeka topeni, na miti ikapunguza kukua na kuzaa. Mti humlisha kaa, kaa naye huulimia mti. Ni ujirani wa kupeana, ingawa kaa huyo huyo hula mbegu na miche michanga, jambo ambalo wapanda mikoko hulijua na kulilalamikia.

Inafaa niseme jambo jingine kwa uadilifu, kwani sifa zikizidi huwa uwongo. Mwanzo wa miaka ya 1970, wachunguzi wa Florida, Marekani, walionyesha kuwa majani ya mikoko ndiyo yaliyokuwa yakilisha viumbe wengi wa maji ya huko, na watu wengi wakadhani kuwa jani husafiri mpaka bahari kuu. Uchunguzi uliofanywa Gazi na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha vingine: chakula kitokacho mikokoni hufika kwenye nyasi za bahari zilizo jirani na msitu, kisha hupungua upesi, na kwenye miamba ya matumbawe hakionekani. Kumbe jani la mkoko hulisha majirani. Kwa samaki wa mbali, mkoko ni nyumba ya ulezi zaidi ya kuwa jiko: huja wachanga, wakajificha, wakapata nguvu, wakaenda zao mwambani. Ukiivunja nyumba hiyo umempunguza samaki kwa njia mbili, tumboni na kitandani.

GAZI ILIPOKATWA

Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya Gazi ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda. Sehemu zilizofyekwa zilibaki tupu, jua likapiga juu ya tope, chumvi ikazidi, na kwa miaka mingi hakuna mche ulioota wenyewe. Kote nchini hali haikuwa njema: utafiti mmoja ulipima kuwa kati ya mwaka 1985 na 2010 Kenya ilipoteza kama asilimia 18 ya mikoko yake.

Mwaka 1991 ilianza kazi ya kupanda upya Gazi, chini ya wataalamu wa taasisi ya serikali ya uchunguzi wa bahari, na wanakijiji wakitia mikono yao. Miti iliposhika, wachunguzi walirudi kupima tope, wakakuta kaa na viumbe wengine wamerejea. Hakuna aliyewabeba kwa kikapu. Walikuja wenyewe walipoona soko limefunguliwa. Na mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wakaanzisha mradi wao wa Mikoko Pamoja, wakailinda hekta 117 na kuuza, si boriti, bali ile hewa chafu ambayo miti yao huihifadhi. Fedha zake zimesaidia maji na shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator, na mwaka 2019 watu wa upande wa Vanga nao wakaanzisha wa kwao.

Mzee wangu wa Gazi alikuwa na lake la kusema kuhusu hayo yote. Alisema kuwa maji na shule ni neema, lakini yeye hupima kwa kimia chake. Nikamuuliza: "Na kimia chasemaje, mzee?" Akacheka. "Chasema wajukuu wasiondoke karibu na mikoko."

NANI ALIPE?

Hata hivyo, ni rahisi kwa mwandishi aliyekaa kwenye kiti kumlaumu mwenye shoka. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na huko kuna nyumba nyingi ambazo chungu chake hakipandi jikoni mpaka korija iuzwe. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwezi wa Februari 2018, wakataji wa Lamu walikosa cha kushika. Mtu ambaye baba yake na babu yake walikata kwa mpango, wakachagua mti wa kukatwa na wa kuachwa, aliambiwa sawasawa na aliyefyeka ovyo. Hilo nalo si uadilifu.

Ukweli ni kwamba mizani hii haiko sawa. Faida ya boriti huingia mfukoni mwa mtu mmoja, leo, na huhesabika. Hasara yake hutawanyika kwa watu wengi, kesho, na haina risiti. Ndiyo maana mkataji na mvuvi hawana budi kukaa baraza moja, hasa kwa kuwa mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Wakubaliane pahali pa kukata na pahali pa kuacha. Wauache ukingo wa hori, mti mzazi usiguswe, na palipokatwa papandwe. Sheria yetu haimruhusu mtu kumdhuru mwenzake kwa kisingizio cha kutumia chake. Na hapa tumeona kuwa dhara yaweza kupita chini ya tope, ikatoka upande wa pili ikiwa na umbo la wavu mtupu.

Tena tumefundishwa katika Hadithi kuwa Muislamu apandapo mti, kisha akala matunda yake ndege, au mtu, au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka. Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya mwembe na mnazi. Sasa nafikiri juu ya mkoko, ambao wenye kuula hawahesabiki: kaa, konokono, kamba, mkizi, changu, ndege aendaye Ghuba, na mwisho mtoto anayengoja chakula cha mchana. Hadithi haikubagua mlaji. Hata aliye topeni, mwenye miguu kumi, yumo.

Basi wewe uendaye kununua boriti, uliza ilikatwa wapi na nini kilipandwa mahali pake. Na wewe ukatae kuuliza kwa kuwa si mjenzi, kumbuka kuwa ni mlaji. Jani moja la mkoko ni jepesi, upepo hulichukua. Lakini bei ya samaki gatini imefungwa kwenye kikonyo chake.